Mama anayewapokea samaki wageni Nguba

Saa moja kasoro asubuhi, Jumatatu. Katika chumba cha kusubiria cha zahanati moja ya watoto mtaani Nguba, mjini Bukavu, mabenchi bado ni matupu. Euphrasie M'Bisimwa amepanda juu ya kigoda, mkono wake wa kulia umezama hadi kwapani ndani ya tangi la kioo. Anang'oa jani lililooza, analinusa, analitupa ndooni.

"Jani ikioza, maji inachafuka," anasema bila kugeuka. "Maji ikichafuka, samaki anakosa pumuzi."

Tangi hilo la lita mia mbili limeota majani mabichi kama kishamba, na lina samaki kumi na mmoja. Leo wataongezwa sita, ambao wamekaa majuma mawili peke yao kwenye beseni stoo, wakichunguzwa kama wagonjwa.

Euphrasie, mwenye umri wa miaka 43, aliajiriwa hapa miaka tisa iliyopita kufanya usafi. Daktari Honoré, mwenye zahanati, alipoleta tangi ili watoto waache kulia wakisubiri sindano, hakuna aliyetaka kulishika. Euphrasie alilichukua. Kila Jumatatu anatoa robo ya maji na kujaza mengine yaliyolala siku mbili pipani, ili dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba itoke. Anapunguza majani yaliyorefuka, anapangusa ukijani kwenye kioo. Mshahara wake, dola 130 kwa mwezi, ndio unaomsomesha binti yake Aurore.

Mwaka jana nusura yote yamponyoke.

Ilikuwa Ijumaa. Dada yake alikuwa anachumbiwa, naye alikuwa na haraka. Samaki wanane wapya walikuwa wamefika kutoka Kamembe, katika nchi jirani, ng'ambo ya mto wa mpakani. Badala ya kuwatenga, alikata mfuko akawamwaga tangini pamoja na maji yao. Baada ya siku tano samaki wote, wapya kwa wa zamani, walijaa vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Baada ya kumi, hakubaki hata mmoja.

Juma hilo umeme ulikuwa umekatika siku mbili. Daktari aliamini samaki walikufa kwa sababu pampu ilizimika. Akasema tangi liuzwe, pawekwe televisheni.

"Ningenyamaza, hakuna mutu angejua," Euphrasie anasimulia. "Lakini nilishindwa kula. Nikaenda mu bureau yake, nikamuambia: Docteur, haiko courant ya umeme iliua samaki. Ni mimi. Nilimwanga bagonjwa kati ya bazima."

Daktari Honoré anaikumbuka siku hiyo. "Nikamuambia: Maman Euphrasie, mutu mwenye kujua fasi alikosea, njo huyo nitaachia aquarium."

Kwa kuwa alijua alipokosea, aliachiwa tangi, akaanza upya. Aliosha changarawe, akaenda kijijini Mumosho kuchukua majani ya majini kwenye kijito, akayaloweka na kuyachambua konokono. Kwa majuma sita tangi lilikaa na majani matupu, ili ugonjwa uishe. Watoto walipouliza samaki wako wapi, aliwajibu kwamba wako safarini.

Sasa imetimia saa mbili. Mfuko aliowatilia samaki sita kutoka beseni unaelea juu ya maji, taa ya tangi imezimwa. Kila baada ya dakika kumi Euphrasie anatia kikombe cha maji ya tangi mfukoni. Yolande, mama aliyempakata mtoto mwenye kikohozi, anashindwa kuvumilia.

"Maman, mbona unachelewa hivi? Ubamwange tu!"

"Apana, maman. Mugeni anazoea nyumba polepole."

Inapita saa nzima kabla hajawachota kwa wavu, mmoja mmoja. Maji ya mfuko anayamwaga nje. Watano wanakimbilia majanini. Wa sita anabaki katikati, anapepea mapezi, na mtoto wa Yolande anateremka mapajani kwenda kumtazama.

Kwa wazazi wake, kijijini Nyantende, Euphrasie amepewa kipande cha bonde chenye chemchemi. Anataka kufuga samaki wa mapambo mwenyewe, asitegemee tena kufunguliwa kwa mpaka. Bwawa la kwanza limekwisha kuchimbwa. La pili litachimbwa mwezi wa tisa.

"Docteur amesema atakuwa mununuzi wa kwanza," anasema, akijifuta mkono kwa kitenge. "Nimemuambia sawa, lakini atalipa kama batu bote."