Tundu la Sita

Nilipofika nyumbani Kenyamonta mwezi uliopita, kitu cha kwanza kuniingia machoni kilikuwa ni kile ambacho hakikuwepo. Nyuma ya jiko la bibi, karibu na ua wa minyaa, palikuwa na kichuguu kirefu kuliko mtu mzima. Sasa palikuwa na shimo la udongo mwekundu, na kando yake tofali zimepangwa safu kwa safu, zimefunikwa nyasi, zinangoja kuchomwa. Mdogo wangu alikuwa amesimama ukingoni, jembe begani, anatabasamu kama mtu aliyemaliza kazi ngumu.

"Dada, udongo wa kichuguu haupasuki," akaniambia. "Ningekiacha kifanye nini? Kilale nguchiro?"

"Ungenipigia simu."

"Si nilikupigia? Ukasema nyumba ni muhimu."

Ni kweli nilisema hivyo. Nilikuwa kwenye cherehani yangu kule Nyamisangura, mjini Tarime, simu nimeibana kati ya sikio na bega, na mteja amesimama mbele yangu akingoja sare ya mwanawe. Sikuuliza udongo utatoka wapi. Kwa hiyo sikuwa na haki ya kumlaumu, na sikumlaumu. Nilikaa tu kwenye gogo lililo pembeni ya jiko nikalitazama lile shimo, nikajua kwamba jambo nililoliahirisha tangu nikiwa darasa la tatu halina tena mahali pa kujificha.

Wewe uliyekulia huku kwetu utanielewa haraka. Kwa wengine nitaeleza kwa utaratibu, maana bila kujua kazi ilivyofanyika huwezi kujua kosa langu lilikuwa wapi.

Kichuguu kile kilikuwa cha kumbikumbi wa mchana, wale wadogo wenye mafuta mengi, wanaotoka jua likiwaka baada ya mvua. Bibi alikifahamu kama alivyofahamu ng'ombe wake. Asubuhi ya siku ya kutoka alizunguka akiwa ameinama, mikono mgongoni, akitazama midomo ya matundu. Mchwa askari wakionekana mlangoni na udongo wa mdomoni ukiwa mbichi, alinyooka na kusema neno moja tu: "Leo." Hapo hakuna aliyetumwa dukani wala kuchunga. Sisi watoto tulikata fito changa, tukazipinda juu ya kila tundu zikawa kama kibanda kidogo, kisha tukafunika kwa mablanketi makuukuu na majani ya mgomba hadi ndani kukawa giza tupu. Mbele ya kila kibanda tuliacha upenyo mdogo wa mwanga, na chini ya upenyo huo chungu kilichofukiwa hadi shingoni. Kumbikumbi hufuata mwanga. Akitoka tunduni hukimbilia upenyo, na akifika hapo huangukia chunguni.

Halafu ndiyo inakuja ngoma. Tuliketi kukizunguka kichuguu na kugonga vijiti juu ya kipande cha gogo kikavu kilicholazwa chini, taratibu, bila kukoma, ili walio ndani wadhani mvua inanyesha. Bibi alipiga polepole kuliko wote. Tukikazana sana alitukemea. "Mvua gani hiyo? Hiyo ni mvua ya mawe. Mtawatisha." Mpaka leo nikisikia matone ya kwanza juu ya bati, mkono wangu wa kulia unaanza kugonga meza wenyewe.

Jioni ukumbi wa jiko ulijaa mabawa. Bibi aliwakaanga bila kumimina mafuta, kwa sababu mafuta yalitoka kwao wenyewe, na harufu yake ilikuwa kama ya karanga na nyama kwa pamoja. Aliwapepeta kwenye ungo, mabawa yakaruka kuelekea zizini, kuku wakayakimbilia bure. Tulikula na ugali wa mtama na muhogo, ule mweusi mzito, kila tonge na fungu lake la kumbikumbi. Waliobaki walianikwa juani, wakatiwa chumvi na kuhifadhiwa kwa ajili ya miezi ambayo mboga ilikuwa shida.

Sasa sikiliza hesabu yangu. Matundu makubwa yalikuwa sita. Sisi tulifunika matano. La sita, lililokuwa upande wa minyaa, bibi hakuligusa kamwe.

Lilikuwa tundu la jirani. Jirani huyu alikuwa mwanamke wa umri wa mama yangu. Siku alipoletwa pale kuolewa, boma la mumewe halikuwa na kichuguu hata kimoja. Bibi, ambaye hakuwa na udugu naye wowote, alimwita, akamwonyesha tundu la sita na kumwambia kuwa hilo ni lake. Akamfundisha kupinda fito. Kwa miaka mingi siku ya kumbikumbi alipita kwenye pengo la minyaa akiwa na chungu chake na blanketi lake, wakagonga vijiti pamoja, wakicheka na kusemezana.

Halafu ng'ombe wa jirani wakaingia kwenye shamba la ulezi wa bibi, tunaouita wimbi, siku mbili kabla ya kuvuna. Wazee wa ukoo walikaa, jambo la wimbi likaisha. Lakini maneno ambayo wanawake wale wawili walirushiana siku ile pale shambani hayakuhusu wimbi, na hayakuisha. Sitayaandika. Tangu hapo hawakusalimiana. Walipokutana njiani mmoja alipita kushoto na mwingine kulia, kila mtu akitazama mzigo wake.

Ila tundu la sita liliendelea kuachwa. Na jirani aliendelea kuja. Alipita kwenye pengo bila kutoa salamu, akapinda fito zake, akafukia chungu chake, akaketi akiwa ametupa mgongo. Vijiti vyao viligongwa kwa mwendo mmoja. Nikiwa mtoto niliona ni jambo la ajabu tu, watu wasiosemeshana kula pamoja kutoka ardhi moja. Sikujua kuwa kila mwaka, mara moja au mbili, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao.

Mwaka ule wa darasa la tatu mvua zilichelewa. Siku bibi aliposema "Leo," tulikuwa tumekula mlenda wiki nzima. Ndugu zangu walikuwa wamekwenda na mama mnadani, kwa hiyo tulifanya kazi wawili, mimi na bibi. Tulipomaliza vibanda vitano, alikumbuka kwamba chumvi imekwisha. Akajifunga kitenge.

"Nakwenda dukani mara moja," akasema. "Wewe gonga. Usiguse kitu."

Niligonga. Kumbikumbi wakaanza kutoka, na kwenye tundu la sita walitoka hewani wazi, wanaruka juu kama moshi, na ndege wanawadaka. Nilikuwa mtoto wa kupenda vitu vilivyokamilika. Daftari langu lilikuwa na mistari iliyonyooka kuliko ya wengine, na mwalimu alikuwa akilionyesha darasani. Matundu sita, matano yamefunikwa: jambo hilo lilinikera kama shati lililokosa kifungo kimoja. Tena nilikuwa na njaa. Nikavua sweta langu la shule, nikapinda fito tatu, nikalifunika tundu la sita, nikabana pembe za sweta kwa vijiwe. Mbele nikaweka bakuli.

Nilikuwa nimeinama nikitazama bakuli linavyojaa niliposikia minyaa ikivunjika. Jirani alikuwa amesimama kwenye pengo, chungu kiunoni, blanketi begani. Alitazama sweta, kisha akanitazama.

"Hili umefunika wewe," akauliza, "au umetumwa?"

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema ukweli. Jibu langu la kweli ni dogo na la aibu: niliogopa kuchapwa. Mtoto aliyetumwa hachapwi.

"Nimetumwa," nikasema. "Bibi amesema."

Alihamisha chungu kutoka upande mmoja wa kiuno kwenda wa pili, kama kilichokuwa kitupu kimekuwa kizito ghafla, akageuka akapita penye pengo.

Nililitoa sweta mbio mbio. Nikatawanya fito, nikamwaga bakuli langu kwenye chungu cha kwanza. Bibi aliporudi alilikuta tundu la sita wazi kama alivyoliacha. Akaketi, akashika vijiti, akawa anagonga huku akitazama minyaa. Kumbikumbi walikwisha kutoka, jua likashuka, na pengo likabaki pengo.

"Labda ameshiba," bibi akasema mwishoni, na akaanza kukusanya mablanketi.

Tangu siku ile jirani hakuja tena. Tangu siku ile pia bibi hakulifunika tundu la sita. Nilimaliza shule ya msingi, nikajifunza kushona, nikaondoka. Kila nilipokuwepo nyumbani msimu ukifika, niliona vibanda vitano na mdomo mmoja ulioachwa wazi, na bibi ameketi akiutazama ua. Mara nyingi nilifungua kinywa. Mara zote nilisema jambo jingine. Mwaka wake wa mwisho alikuwa haoni vizuri, akawa anapapasa matundu kwa mkono na kuyahesabu. Alipofika la sita, aliuondoa mkono. Jirani alikuja matangani, akakaa mbali karibu na zizi, akaondoka kabla ya chakula.

Baadaye nilijinunulia vitabu vya mitumba na kujisomea habari za mchwa, jioni, baada ya kufunga cherehani. Nimesoma kwamba malkia wao anaweza kuishi miaka mingi, na kwamba wale wanaoruka ndio wanaokwenda kuanzisha vichuguu vipya. Nilifurahi kujua. Lakini ninapaswa kukiri kwamba niliyasoma yote hayo ili nisilifikirie sweta.

Kwa hiyo, mwezi uliopita, nilipoliona lile shimo, nilinawa miguu nikapita kwenye pengo la minyaa. Jirani alikuwa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, anapukuchua mahindi. Amezeeka sana sasa, lakini vidole vyake bado vina haraka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni nani? Wewe ni wa cherehani?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Mwambie yule mura, mdogo wako, apunguze vumbi. Nakula udongo kama mjamzito."

Nikacheka, naye akacheka, na nikaona kwamba kicheko hicho kingenipa njia ya kukimbia tena. Nikakaa chini.

"Mama, siku ile ya kumbikumbi nilidanganya. Bibi hakunituma. Nilifunika mwenyewe."

Vidole havikusimama. Punje zilianguka kwenye ungo kwa muda.

"Najua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile, kabla sijafika mlangoni kwangu. Bibi yako afunike tundu kwa sweta la shule? Yule? Na vijiwe vile vya kuchezea? Yeye alikuwa anafunika mtu asione hata mshono."

"Sasa kwa nini hukurudi?"

Hapo vidole vilisimama. Alitazama gunzi lililokuwa mkononi mwake.

"Nilikuwa na hasira yangu, haijapata mahali pa kukaa. Wewe ukaipa kigoda." Akaliweka gunzi chini. "Na yeye je? Alijua?"

"Hakujua. Nilitoa sweta kabla hajarudi. Aliliacha wazi kila mwaka, mpaka mwaka wake wa mwisho. Alidhani wewe ndiye uliyekataa."

"Niliona," akasema. "Kila mwaka niliona kwamba liko wazi. Nilikuwa nachukua chungu, nafika kwenye minyaa pale, nasikia anavyogonga. Halafu narudi."

Kisha akaomba fimbo yake, akataka apelekwe kwenye shimo. Tulipita kwenye pengo, mimi nimemshika kiwiko. Mdogo wangu aliacha kazi, akamwamkia, akasogeza jembe. Jirani alisimama ukingoni mwa shimo, akageuza kichwa huku na huku.

"Langu lilikuwa wapi?"

Nilipima kutoka pembe ya jiko, hatua kumi na moja, kisha tatu kuelekea minyaa, kama nilivyokuwa nikipima nikiwa mtoto. Nikasimama juu ya udongo uliokatwa ukawa sawa kama sakafu. Akaja pale nilipo. Akainama, akagonga ardhi kwa ncha ya fimbo, taratibu, bila kukoma, na nikautambua mwendo ule. Ulikuwa wa bibi. Mdogo wangu alinitazama akitaka maelezo, nami nikatazama fimbo.

Kumbikumbi bado wanauzwa. Msimu ukifika nitawanunua sokoni Tarime, wamekwisha kukaangwa na kutiwa chumvi, na sijui wametoka kichuguu cha nani. Nyumba ya mdogo wangu itakuwa nzuri na kuta zake hazitapasuka. Lakini katika boma lile hakuna tena mahali ambapo mtu anaweza kumwachia mwenziwe kitu wazi bila kumsemesha, na mwenziwe akaja kukichukua bila kujibu.

Jirani aligonga mpaka mkono ukachoka. Kisha akaegemea fimbo akasikiliza, nasi tukasikiliza pamoja naye.

"Twende," akasema. "Mahindi yangu yataliwa na kuku."