Kompyuta Tano za Zacharia Kaleli

Zacharia Kaleli alitunza chumba cha kompyuta cha kiwanda kimoja cha nguo mjini Thika kwa miaka kumi na minne. Mwaka wa 1995 wakubwa walileta kompyuta mpya, wakamwachisha kazi, wakamruhusu abebe zile kuukuu tano kana kwamba wanamtuza. Mimi nilikuwa karani pale. Niliwaonea aibu, maana wao wenyewe hawakuwa nayo.

Alizipanga sebuleni kwake Mugutha, na mkewe Ndila akazifunika vitambaa vya kufuma kama vya makochi. Wageni walikunywa chai magoti yakigusana. Tulimcheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, Mungu anisamehe.

Mchwa walipoanza kula makatoni ya vitabu vya mashine, Kaleli alivipeleka kwa mamake, kijijini Ngoliba. Huko mbegu za mahindi huwekwa darini juu ya meko, kwenye moshi, wadudu wasiziguse. Akapandisha katoni huko kwa mikono yake mwenyewe. Alifikiria karatasi tu. Diski zilizokuwa mifukoni mwa majalada alizisahau, na bila diski mashine zile huwa hazijui lolote.

Mwaka wa 1998 chuo kimoja cha Ruiru kikataka chumba cha maonyesho ya kompyuta za zamani.

"Zikifanya kazi mbele ya kamati, Bwana Kaleli," mkuu wa chuo alisema, "wewe ndiye mtunzaji. Kazi ya kudumu."

Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, bila kazi kwa miaka mitatu. Tulikwenda Ngoliba pamoja kuchukua katoni. Vitabu vilikuwa vimegeuka rangi ya chai, lakini hakuna ukurasa uliotobolewa. Diski zilikuwa zimejikunja kwa joto la meko kama maganda ya viazi. Kaleli alijaribu kuinyoosha moja kwenye paja, ikapasuka.

Hata hivyo alizipeleka mashine chuoni, nami nikamsindikiza. Skrini tano ziliwaka, zote zikiomba diski. Kamati ilingoja dakika kumi.

"Mzee, hizi ni TV mbovu," mmoja akasema, wakacheka, wakaenda kula. Ningemzaba kofi.

Jumapili iliyofuata mamake alitupakulia githeri, akauliza, "Zaka, vile vitabu vilikusaidia? Niliongeza kuni kila jioni, hata wakati wa kiangazi."

"Vilisaidia sana, Mama," akasema. "Nimepata ile kazi."

Mama akashangilia, akaanza kuwaita majirani.