Daftari la Kaburi

Hospitalini walimwita Kaburi, kwa sababu siri ikiingia kwake haitoki. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa karani wa masjala, chumba cha chini chenye harufu ya vumbi na kutu, ambako mafaili ya wagonjwa yalipangwa hadi darini. Ukitaka kujua jirani yako anaumwa nini, ungembembeleza hadi mate yakukauke. "Nenda kamwulize mwenyewe," ndilo jibu lake.

Lakini aliyebeba ya watu naye ana yake. Mkewe alipofariki, Kaburi alianza kuandika shajara mtandaoni. Aliyemfungulia ni mpwa wake wa kike, mwalimu wa kompyuta aliyeishi naye. Kila mchana, wenzake wakienda kula, alibaki kwenye kompyuta ya ofisi akiandika: akimlilia marehemu, akililalamikia goti lake bovu, akimsema mkuu wa idara. Kompyuta ilipomwuliza kama ikumbuke neno lake la siri, alibonyeza ndiyo. Kwani tabu ya nini?

Mwezi wa nne aliandika mambo mawili. La kwanza, alikuwa amekohoa damu na hajamwambia mtu. La pili, faili la mama mmoja aliyefia chumba cha kujifungulia lilikuwa limechukuliwa na mkuu wa idara, bila saini.

Wiki iliyofuata mkuu alishuka masjala, mahali asipopazoea. Akaegemea mlango, tabasamu usoni.

"Habari za kazi, mzee wangu?"

"Nzuri, bosi."

"Na kifua?"

Kaburi aliliweka chini faili alilokuwa ameshika. "Kifua gani?"

"Jitunze. Kwa umri wako mtu anaweza kuondoka ghafla tu, watu wakasema ni mipango ya Mungu."

Hakuwa amekohoa mbele ya mtu yeyote.

Nyumbani hakumwambia mpwa wake. Aliona aibu, kusema ni kukubali kwamba kuna mtu amesoma hata yale ya mkewe. Badala yake, Ijumaa mchana, aliandika uongo: nakala ya faili lile nimeifungia kwenye droo ya meza yangu.

Jumatatu alikuta kitasa cha droo kimevunjwa. Miwani yake ya zamani, mihuri na pakiti ya biskuti vyote vilikuwamo, vimepangwa vizuri kuliko alivyoviacha.

Jioni hiyo hiyo alimweleza mpwa wake. Binti akaichukua simu ya mjomba, akabonyeza hapa na pale, akakunja uso.

"Mjomba, shajara yako iko wazi mahali patatu. Simu hii. Kompyuta ya masjala. Na hii simu nyingine ni ya nani?"

"Sina simu nyingine."

"Imekuwa ikiingia tangu mwezi wa pili."

Kaburi alikaa. Mwezi wa pili alikuwa bado anaandika habari za mazishi.

Binti alifunga milango yote ya shajara, akaweka neno refu la siri, akapanga kila anayetaka kuingia aombwe namba inayotumwa kwenye simu ya mjomba. "Na usiandike tena kazini," alimwonya. "Kompyuta ya kazi ina mwenyewe. Ni kama kuvua nguo sebuleni kwa watu."

Kaburi alikwenda kupimwa. Kilikuwa kifua kikuu, akaanza dawa. Ukurasa ule wa mwezi wa nne aliutoa kwenye karatasi, akampelekea wakili wa familia ya yule mama. Wachunguzi walikuja, faili likapatikana nyumbani kwa mkuu, akasimamishwa kazi, na simu zake zote zikachukuliwa.

Masjala ilipoa. Watu walimpa Kaburi mkono. Siku ya nane baada ya mkuu kuondoka, saa nne asubuhi, simu yake ilitetemeka mezani. Namba ya tarakimu sita ya kuingilia kwenye shajara. Hakuwa ameiomba, na simu za mkuu zilikuwa bado kwa wachunguzi.

Akaisoma mara mbili. Ikaja nyingine.

Akainua macho taratibu. Mlango ulikuwa wazi, na ukumbini walikuwa wakipita wauguzi, mhasibu, mfagizi, daktari kijana aliyemsalimia kwa heshima kila siku. Kila mmoja alikuwa na simu mkononi, ameinamisha kichwa.

Simu ikatetemeka mara ya tatu. Kaburi aliinuka, akaufunga mlango kwa ufunguo, akabaki ameushika ufunguo.