Kile kipande cha dada hakikufika Mwanza

Admin, nifichie jina maana hata mume wangu anafuata ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, fundi cherehani, naishi Nyasura hapa Bunda, nina watoto watatu. Najua mtanitukana. Tukaneni, ila mkimaliza mnisaidie, muda sina.

Nina dada yangu mkubwa, tumbo moja, kaolewa Suguti. Ndiye aliyenibeba mgongoni mama akiwa shambani kwenye pamba, mpaka leo ananiitaga "mtoto wangu". Mwaka jana tumbo lake lilianza kujaa, damu ikarudi wakati alishakoma hedhi kitambo. Hospitali ya Musoma wakamkuta na uvimbe kwenye kizazi, wakampasua, kizazi kikatolewa chote.

Daktari akaniita mimi niliyekuwa namuuguza, akanipa chupa ya plastiki yenye dawa, ndani kuna kipande cha ule uvimbe. Akasema, "Fibroid, uvimbe usio wa kansa, inaotaga kwenye misuli laini ya kizazi. Sasa kuna kansa nayo inaota kwenye misuli hiyo hiyo, na kwa macho zinaweza kufanana kabisa. Huu umekua haraka, ni mlaini, na katikati umeoza. Siupendi. Peleka Mwanza wauangalie kwa darubini, bila hivyo tunabahatisha." Nilielewa kila neno, sitawadanganya.

Nikapitia kwangu Nyasura nilale, asubuhi nipande gari la Mwanza. Mama alikuwa ametoka Butiama kuniangalizia watoto. Alipoiona ile chupa akashika kichwa. "Kizazi cha mwanangu kikakatwekatwe na watu nisiowajua? Vitovu vyenu vyote vimezikwa nyuma ya nyumba yangu. Na hiki kitalala hapo hapo." Nikabisha kidogo, kidogo tu. Akaanza kulia. Mama hakulia mbele yetu hata kwenye msiba wa baba. Nikakubali.

Kesho yake, wakati kila mtu anajua niko Mwanza, mimi nilikuwa Butiama nimeshika jembe. Shimo nilichimba mwenyewe. Dada akapiga simu, "Umefika mtoto wangu?" Nikamjibu, "Nimefika dada, ila foleni ndefu." Mama yuko pembeni ananiangalia tu.

Nilijiambia nitasema ukweli akipona kidonda. Kila siku anauliza majibu, kila siku naahirisha. Wiki ya tatu nikachoka, nikamwambia, "Dada, majibu yametoka, ni fibroid ya kawaida." Jamani, yule mtu alipiga vigelegele peke yake kwenye simu! Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda, akanitaja kwa jina kwamba nimemhangaikia, kanisa zima likanipigia makofi nimekaa benchi la pili. Kliniki hakurudi tena. Angerudi kufanya nini, wakati mdogo wake kamwambia yuko salama?

Miezi miwili iliyopita akaanza kukohoa. Tukasema ni vumbi la kuanika dagaa. Mara mbavu zinambana, mara magauni niliyomshonea mwenyewe yanamvuka mabegani. Wiki hii wamempiga picha ya kifua, wakakuta vivimbe kwenye mapafu yote mawili. Daktari yule yule akamuuliza, "Kile kipande majibu yalisemaje?" Dada akajibu anajiamini kabisa, "Yalikuwa safi, karatasi anayo mdogo wangu." Ameambiwa aende nayo Jumatatu, maana bila kujua ule uvimbe ulikuwa nini, daktari hajui aanzie wapi matibabu.

Nimemfuata mama nikamwambia tuseme. Akanijibu, "Ukisema, mwanangu atakufa akijua mimi ndiye nimemuua." Nikamwambia, mama, jembe nililishika mimi. Akainuka akaenda kupalilia mihogo, hakugeuka. Nikazunguka nyuma ya nyumba nikasimama pale nilipochimba. Nilitaka kufukua, mnisamehe. Majani yameshaota, na hata ningefukua ningekuta nini baada ya miezi yote hiyo?

Jana nilifika mpaka kwenye stesheneri moja Manyamanyama, nikasimama mlangoni nawaza nitengenezewe karatasi ya hospitali yenye muhuri. Kijana akaniuliza, "Nikusaidie nini mama?" Nikasema nataka kalamu, nikanunua nikaondoka. Ile kalamu ninayo hapa mezani na sijui ya nini.

Leo asubuhi dada amenipigia, sauti inakatika kwa kikohozi. "Njoo kesho ulale kwangu, Jumatatu twende wote Musoma. Nimekuwekea samaki sato. Halafu usisahau karatasi mtoto wangu, wewe unasahauga." Nikasema sawa dada. Nimesema sawa tena! Mimi mdomo huu sijui nimeumbiwa uongo.

Ndugu zangu, begi nimeshapanga, karatasi sina. Nimwahi daktari kwanza nimweleze, labda kuna namna ya kupima upya? Au nimwambie dada kwanza, uso kwa uso, ajue kwamba mimi aliyenibebaga mgongoni ndiye niliyeuzika ukweli wake? Na mama je? Wauguzi na madaktari mlioko humu, kuna chochote kinaweza kuokolewa? Nishaurini jamani, nifanye nini, gari la Suguti napanda kesho asubuhi.