Kichwa chenye Manyoya Yake

Mwaka wangu wa mwisho chuoni, miaka ya tisini mwanzoni, nilikuwa natafuta kimeng'enya fulani, protini inayochochea kemia ya mwili, kwenye ubongo wa mbuzi. Kina maumbo mepesi na mazito. Ukiusaga ubongo ukaupitisha kwenye jeli yenye umeme, mepesi hukimbia mbele, mazito hubaki nyuma. Ukimwagia dawa, kila umbo huchora mstari wake wa kahawia.

Kwangu hakikuchorwa kitu. Vichwa viwili, jeli mbili, tupu kabisa. Dawa iliyobaki ilitosha mara moja tu, na mwalimu wangu alishasema bila mistari ile narudia mwaka. Nililaumu umeme, nikalaumu mizani, nikamlaumu hata mwalimu, kimoyomoyo. Kilichoniuma ni kwamba nilijitahidi: kila kichwa nilikibeba kwenye ndoo ya barafu kutoka buchani kwetu Temeke, kama nimebeba mgonjwa.

Nikishatoa ubongo, kichwa nilimpelekea mama apike supu. Jioni moja akanisifia.

"Vichwa vyako vizuri bwana. Vinakuja vyeupe, sibabui wala sikwangui."

"Kwani manyoya huwa yanatolewaje?"

"Si kwa maji ya moto! Mwanangu, hivi umesoma mpaka wapi?"

Kijiko kikanitoka mkononi. Asubuhi nilikuwa wa kwanza buchani, nikauliza vichwa vyangu hutolewa vipi manyoya.

"Mie nilikuwa nakutunzia heshima, sista," muuza nyama akasema. "Chako nakizamisha kwenye pipa la maji yanayochemka, nakiacha humo weee, ndio nakwangua. Msomi abebe kichwa cha manyoya?"

Kimeng'enya kile hakistahimili moto. Wiki zote hizo nilikuwa nagandisha ubongo uliokwishapikwa! Nilitaka kumfokea, lakini utamfokeaje mtu kwa wema wake?

"Leo nipe chenye manyoya yake, kaka. Maji ya moto yasikiguse."

Jioni ile ikatokea mistari miwili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Nikakaa sakafuni mwa maabara nikisema alhamdulillahi, sijui mara ngapi.

Nyumbani mama alifunua ndoo, akaguna.

"Hiki mbona kina manyoya?"

"Ndiyo, mama. Nipe kisu."

Nikachemsha maji, nikakikwangua mwenyewe mpaka nyuma ya masikio, na sijawahi kufanya kazi ya jikoni kwa furaha kama ile.