Kodiani Mbele ya Baba Mkwe

Bora niseme mwenyewe, maana tangu Jumamosi Lushoto nzima inanicheka. Mimi ni karani wa Bwana Shauri, yule afisa wa serikali wa wilaya, na nimemchumbia Debora, binti wa mzee wa kanisa kule Mlalo. Mzee huyo nilimwambia kwamba kila Jumamosi mchana nafanya mazoezi ya kwaya. Kumbe napiga kodiani na bendi katika klabu ya pombe ya miwa karibu na soko.

Basi juzi, katikati ya wimbo, nikamwona mzee anaingia na bakora yake. Nikashusha kofia hadi puani. Akaja moja kwa moja kwa wapigaji. Nikajua amepashwa habari na uchumba umekwisha. Nikaacha kupiga, nikavua kofia.

“Shikamoo, baba. Nisamehe, kwaya ilikuwa uongo. Usininyime Debora.”

Mzee akanikodolea macho. Kumbe hakuwa amenitambua.

“Marahaba,” akasema polepole. “Mimi nimekuja kuomba bendi ije kupiga kwenye arusi yenu.” Kisha akaangua kicheko, nami pumzi ikanirudi. “Sasa siku hiyo, mwanangu, utamshika bibi arusi au utashika kodiani?”