Kereng'ende wa Busisi

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa na sisi makarani tukapunguzwa, nilishukuru kupata kibarua kwa mwalimu mmoja wa chuo kikuu, mtu mzima wa kuamkiwa shikamoo, aliyekuwa akitafiti kereng'ende.

Kazi ilikuwa kuwakamata kwa wavu, asubuhi Kigongo, mchana navuka kwa kivuko kwenda Busisi, ng'ambo ya ziwa. Kila mdudu aliingia kwenye bahasha yake, na juu yake niliandika mahali nilipomkamata. Kigongo kulikuwa na kereng'ende wa aina moja mwenye doa jeusi bawani. Mwalimu aliamini ng'ambo hayupo. Kule yuko ndugu wa mdudu huyo asiye na doa, na kwa kuwa hawaruki mbali na matete yao, maji yaliwatenga hadi wakawa spishi mbili.

"Akipatikana pande zote, mama, basi nimekosea miaka yote hii," aliniambia.

Kisha mamba akamchukua mwanamke aliyekuwa akifua Busisi. Toka siku hiyo miguu yangu iliyakataa matete ya kule. Nilivuka, nikakaa juu kwenye vibanda vya samaki, nikarudi Kigongo, nikakamata sita na kuandika Busisi. Mjinga mimi, wanne walikuwa na doa.

Mwalimu alizifungua bahasha zile, akawapanga wale wanne mezani.

"Kesho twende wote," akasema. "Ukanionyeshe."

Nikisema kweli, kibarua kimeota nyasi, na nyumbani walikuwa wakinitegemea mimi tu. Sikulala vizuri, na asubuhi nikavuka naye, bahasha zote zikiwa mkobani mwangu.

Beseni la kufulia la yule marehemu lilikuwa bado ufukweni. Wenyeji walikuwa wameliacha liwe onyo, na pale hapakuwa na mtu hata mmoja. Mwalimu, asiyejua habari ile, aliweka viatu vyake ndani ya beseni, akaingia majini.

"Hapa?" akauliza, maji yakiwa magotini.

"Mbele kidogo," nikasema. Mungu anisamehe, nilisema mbele kidogo.

Maji yakamfika kiunoni. Ndipo matete yakatikisika upande wake wa kushoto, na upepo hakuna.

"Mwalimu, toka! Nilidanganya, wale sita ni wa Kigongo. Kuna mamba humo!"

Alitoka mbio, akaanguka mchangani. Hakuna kilichomfuata.

"Ulijua kuna mamba tangu navua viatu?"

"Ndiyo, mwalimu."

Aliniomba bahasha zote. Akazifungua moja moja, akawamwaga kereng'ende majini, hata wale wa Kigongo niliowakamata kwa haki, kazi ya miezi miwili. Nilimwambia hao ni wa kweli. "Nitajuaje?" akasema, akafungua bahasha nyingine.

Kivuko kilipofika, aliniambia nipande mimi. Yeye angesubiri kivuko kinachofuata.